Nani Anakujua?

Kwenye foleni ya sukari ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, si kila aliyesimama alikuwa mtu. Kulikuwa na mawe, makapu, ndoo zilizotoboka na kandambili, vyote vimepangwa mstari mmoja mbele ya duka la ushirika tangu alfajiri, huku wenyewe wamerudi nyumbani kuinjika chai ya rangi au kuwaandaa watoto wa shule. Gari la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, likitokeza tu, kila mtu anakimbilia jiwe lake. Waliokuwepo husimulia habari hii kwa fahari: jiwe liliheshimiwa kama mwenye jiwe. Wajukuu wanasikiliza kwa nusu sikio, macho kwenye simu, na babu anafunga mazungumzo kwa lile lile la siku zote, kwamba zamani watu walikuwa waaminifu.

Mimi nimekulia kwenye foleni hizo, na neno hilo la babu sijawahi kulimeza zima zima. Jiwe halikuguswa kwa sababu kila mtu alijua ni la nani. Lilikuwa la mama wa nyumba ya tatu, ambaye jioni ungemkuta bombani, kesho kliniki, na Jumamosi msibani akikupimia wali. Duka lenyewe liligawa bidhaa kwa kaya zilizoandikishwa pale, basi. Mgeni hakuwa na nafasi ya kuiba kwa kuwa hakuwa na nafasi kabisa. Uaminifu ulikuwepo, sikatai. Ila ulikuwa na macho mengi yanayoulinda.

Watu waliozaliwa karibu na Uhuru wa Tanganyika wa 1961 wameona mengi yakibadilika: chakula, mavazi, namna ya kuoa, namna ya kuzika. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya Azimio la Arusha na juu ya soko huria, na sitavirudia. Ninachotaka kukifuata hapa ni kitu kidogo kuliko hivyo, ambacho naona ndicho kilichogeuza maisha ya kila siku kuliko vyote: ni nani anayelazimika kukujua ili wewe upate sukari, upate chumba, upate mkopo, na ukifa uzikwe.

Kwa sehemu kubwa ya ujana wao, jibu lilikuwa balozi wa nyumba kumi. Mfumo huo TANU iliuweka katika miaka ya 1960, na kwenye karatasi ulikuwa ngazi ya chini kabisa ya chama. Mtaani balozi alikuwa zaidi ya hapo. Ukigombana na mkeo usiku, yeye ndiye aliyegongewa mlango. Ukipata mgeni kutoka Kigoma, ulipaswa kumpeleka kwake akamwone. Ukitaka kumwandikisha mtoto shule au kuomba kazi, ulianza kwake kuchukua barua. Hakulipwa mshahara. Mara nyingi alikuwa fundi cherehani, mwashi au mama wa makamo mwenye sauti, na daftari lake la shule lenye majina ya kaya lilikuwa na nguvu ambayo leo kompyuta nyingi za serikali hazina.

Daftari hilo lilipata uzito wake wote bidhaa zilipoadimika. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka mengi ya watu binafsi yakafungwa na nafasi yao ikachukuliwa na ya ushirika na ya vijiji. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na hadi Kampala ilipoangushwa Aprili 1979 nchi ilikuwa imetumia fedha ambazo haikuwa nazo, huku bei ya mafuta duniani nayo ikipanda. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilikuwa mirefu. Watu walifua kwa majani ya mpapai, wakavaa viatu vya matairi, wakala ugali wa mahindi ya njano ya msaada ambao mara moja ulibatizwa jina la Yanga kwa rangi yake, jambo lililowaumiza mashabiki wa Simba mara mbili. Jumapili baada ya saa nane mchana magari ya binafsi yalizuiwa barabarani ili kuokoa petroli, na sisi watoto tukapata uwanja wa mpira wenye lami.

Katika hali hiyo, kutojulikana kulikuwa njaa. Kilo za sukari zilipimwa kwa idadi ya midomo iliyoandikwa kwenye daftari. Kijana aliyetoka Singida jana akalala kwa shangazi yake Buguruni hakuwa na mdomo, kwa maana ya daftari. Ndiyo maana salamu za enzi zile zilikuwa ndefu. Ulimuuliza mtu habari za nyumbani, za watoto, za mama mgonjwa, na yeye akakuuliza zako, na kwa kuulizana huko kila mmoja alikuwa anahuisha jina lake katika kichwa cha mwenzake. Leo tunaita hayo adabu. Yalikuwa adabu, na yalikuwa pia akiba.

Upande wa pili wa kujulikana ulionekana vizuri mwaka 1983. Machi ya mwaka ule ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, ikisimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Waliokamatwa na mali za magendo au bidhaa zilizofichwa walifikishwa mbele ya mahakama maalumu. Sokoine alipendwa na wengi hadi kifo chake katika ajali ya Aprili 1984, na bado anapendwa; walanguzi walikuwa wamewaonea watu vya kutosha. Lakini waulize waliokuwa mtaani. Watasimulia habari za vitenge na mabati yaliyotupwa usiku porini, sukari iliyomwagwa chooni, sabuni zilizofukiwa uani. Jirani aliyejua una watoto wangapi alijua pia una magunia mangapi chini ya kitanda. Wenye bidhaa za kuuza walitetemeka, na walitetemeka pia watu waliokuwa na katoni moja ya maziwa ya kopo waliyoletewa na shemeji baharia. Hakuna aliyekuwa na hakika katoni moja ni akiba au ni uhujumu, na aliyekuwa na jibu alikuwa jirani uliyemnyima maziwa wiki iliyopita.

Mwaka huo huo ilikuja Nguvu Kazi. Vijana wasio na ajira rasmi walikamatwa mitaani Dar es Salaam na kurudishwa mikoani wakalime. Muuza karanga wa Kariakoo, kwa macho ya sheria, alikuwa mzururaji. Sasa ruka hadi Desemba 2018: Rais John Magufuli anawaita wakuu wa mikoa Ikulu na kuwakabidhi vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, vya kuuzwa kwa shilingi 20,000 kila kimoja, ili mmachinga asibughudhiwe. Karanga ni zile zile, pembe ya barabara ni ile ile, na muuzaji anaweza kabisa kuwa mtoto wa yule aliyepakiwa kwenye lori. Tunapozungumzia maadili yanavyobadilika huwa tunafikiria sketi fupi na muziki. Kwangu mimi badiliko kubwa ni hili: katika miaka 35, kufanya biashara ndogo bila kumwomba mtu ruhusa kumetoka kwenye aibu na kuwa jambo ambalo waziri anawashauri wahitimu wa chuo kikuu.

Mlango ulifunguliwa polepole. Kuanzia 1984 waliokuwa na fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipata wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa ambalo alizikwa nalo 2024. Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likawaruhusu viongozi mambo ambayo Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewakataza, yakiwemo mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Sukari ikarudi dukani, na ilipojaa pale kwa Mangi, mwenye duka wa kona, ikiuzwa hata robo kwa yeyote mwenye hela, daftari la balozi likaisha kazi. Hakuna aliyemfukuza, sukari ndiyo iliyomhama. Vyama vingi viliporuhusiwa 1992, balozi alibaki mtu wa chama kimoja kati ya vingi, na barua za utambulisho zikahamia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye mara nyingi anakuandikia kwanza ndipo anakuuliza jina.

Idadi nayo ilifanya kazi yake. Sensa ya 1967 ilikuta mji wa Dar es Salaam una watu wapatao 273,000. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa. Hakuna daftari la shule linaloweza kubeba hao.

Na nyumba zikabadilika umbo. Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita vinavyotazamana, korido katikati, baraza mbele na uani nyuma kwenye choo na jiko la pamoja, ilikuwa imejengwa kama vile kwa makusudi ya kuzuia siri. Nilikozaliwa Magomeni tulijua kila chumba kimepika nini kwa harufu, na nani hakupika kwa kukosekana kwake. Mtoto wa chumba cha nne asipopikiwa alikula chumba cha pili bila hotuba. Leo wenye kipato wanakimbilia Goba, Madale na Kigamboni. Wa kwanza kujengwa ni ukuta, geti linafuata, nyumba inamaliziwa miaka kumi baadaye. Majirani wanajuana kwa magari. Nimewahi kuhudhuria msiba ambapo jirani wa ukuta mmoja alifika, akatoa pole, kisha akaninong'oneza akiuliza marehemu alikuwa yupi, yule wa gari jeupe au yule mwenye mbwa.

Ni rahisi hapa kuanza kulia. Sitalia, kwa sababu nawakumbuka watu ambao uani kuliwaumiza. Mwanamke aliyeachika, akapanga chumba peke yake, alikuwa mada ya korido nzima. Mgeni wa kiume akikaa hadi saa tatu usiku, balozi alipita “kusalimia”. Kijana aliyeacha dini ya baba yake, mke asiyezaa, mwanamume asiyeoa, hao wote walihesabiwa kila siku na watu waliowapimia wali. Binti yangu anaishi Kijitonyama kwenye nyumba ya vyumba vingi vya kupangisha, kila kimoja na choo chake ndani. Mwenye nyumba anajua jina lake na namba yake ya simu, hana zaidi. Nilipomuuliza kama hapati upweke, alinijibu, “Mama, upweke ninao, lakini ni wangu.” Mama yangu mimi, katika umri ule, hakuwa na kitu hata kimoja ambacho angeweza kukiita chake kwa namna hiyo.

Pahali ambapo mabadiliko haya yanaonekana wazi kuliko kote ni msibani. Kifo ndicho kilichokuwa kipimo cha mwisho cha kujulikana, na habari zake zilipita kwenye mdomo mmoja: Redio Tanzania Dar es Salaam. Matangazo ya vifo yalisikilizwa na nchi nzima, hata na wasio na mgonjwa. Mtangazaji alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka: fulani wa Tukuyu anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, habari ziwafikie fulani wa Mwadui, fulani wa Tanga, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Tonge lilisitishwa hewani. Ukisikia jina unalolijua, ulitoka mbio kumtafuta mwenyewe, maana huenda yeye hana redio, au redio ipo na betri zimeanikwa juani zipate nguvu. Kumpelekea mtu habari ya kifo ilikuwa kazi yenye taratibu zake. Hukuanza kwa kusema. Ulikaa, ukaomba maji, ukamuuliza kama amekula, na mtu mzima alielewa kabla hujafungua mdomo.

Baada ya hapo mtaa ulihama kwenda kwa mfiwa. Kuni zilitoka nyumba hii, masufuria nyumba ile, mikeka msikitini au kwa mchungaji. Kitabu cha rambirambi kilikuwepo, na mtu aliandikwa shilingi tano bila aibu, kwa kuwa alikuwa amechota maji tangu asubuhi na kila mtu alimwona.

Leo habari inafika kwenye kundi la WhatsApp kabla mwili haujatoka wodini. Ndani ya saa moja kunakuwa na kundi jipya lenye picha ya marehemu, mweka hazina na namba ya kutuma. Maturubai na viti vya plastiki vinakodiwa, chakula kinaletwa na mpishi wa kulipwa, na kuna vitenge vya sare. Jioni inatumwa orodha: jina, ahadi, kilichotolewa, na alama ya vema pembeni. Anayechota maji hana safu kwenye orodha hiyo. Mtu asiye na hela, ambaye zamani angekuwa nguzo ya msiba kwa siku tatu, leo anajikuta hana la kufanya mkononi. Kila kazi aliyoijua imekodiwa. Hasara hii haitajwi sana. Tunasema watu wamekuwa wachoyo, na ukweli ni kwamba pengine hatujawahi kuchangiana fedha nyingi kama sasa. Kamati za harusi zinakusanya mamilioni kwa wiki chache, kila kadi na kiwango chake. Kilichopungua ni njia za kutoa kwa yule ambaye alicho nacho ni mikono tu.

Fedha yenyewe ilipata miguu. Zamani ulimpelekea mama hela kijijini kwa hundi ya posta, au ukamkabidhi kondakta wa basi bahasha, au ukamngoja mtu wa kwenu anayesafiri. Bahasha ilipita mikono mitatu ya watu wenye majina. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, kisha mitandao mingine nayo ikaleta huduma zake, na leo hakuna kona isiyo na kibanda cha wakala. Mama anapokea kabla hujafunga simu. Katika maisha yangu sijaona kitu kilichowapunguzia wazee wa vijijini fedheha kama hiki, wala sina hamu ya kurudi kwenye bahasha.

Lakini kuna kitu kiliondoka na bahasha, nacho ni kisingizio. Ukiombwa msaada mwaka 1985 ungeweza kujibu, kwa ukweli kabisa, kwamba hujapata mtu wa kumtuma. Ombi lilisafiri wiki mbili kwa barua na jibu wiki mbili nyingine, na katikati hapo Mungu alisaidia: mgonjwa alipona, ng'ombe aliuzwa, mjomba mwingine alitokea. Kuchelewa kulilinda heshima ya pande zote mbili. Sasa ombi linakuja saa tano usiku, na wote mnajua kwamba fedha ikiwepo inafika kwa dakika moja. Kukataa kumebaki uchi. Ndiyo maana watu wamebuni njia mpya za kutokuwepo: simu imezimwa, ujumbe umeonekana haukujibiwa, “mtandao unasumbua”. Huwa nawasikia vijana wakilaumiwa kwa uongo huu mdogo mdogo. Babu zao hawakuuhitaji, umbali uliwasemea.

Serikali nayo iliacha kumuuliza jirani. Mwaka 2019 ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikafungwa. Ilibidi kwanza uwe na namba ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo foleni zikarudi, ndefu kama zile za sukari, kwenye ofisi za NIDA. Watu walilala nje. Tofauti ni kwamba safari hii mtu alipanga foleni ili ajulikane na mashine, na akishajulikana hakuhitaji tena kujulikana na mtu. Kidole kinatosha.

Au kingetosha, kama pasingekuwa na madeni. Zamani ulikopa kwa mtu anayekujua, mwenye duka au mama wa upatu, na dhamana yako ilikuwa uso wako. Leo anayebanwa na kodi ya chumba anapakua programu ya mikopo, anaweka namba ya kitambulisho, na kwa kugusa kitufe anaruhusu isome majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu yake. Shilingi 50,000 inaingia papo hapo, pungufu ya makato. Riba yake ni ya aina ile ambayo mtaani inaitwa kausha damu. Siku za kulipa zikipita, ujumbe unaenda kwa majina yale: bosi, mkwe, mwalimu wa mtoto, padri. Fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Wakopeshaji hao wameielewa nchi kuliko wengi wetu tunaoiandika. Wamegundua kwamba aibu bado inafanya kazi, kwamba Mtanzania wa 2024 anaogopa kutajwa mbele ya watu wake sawasawa na yule wa 1983. Wakachukua kipande hicho kimoja cha maisha ya zamani na kukitumia bila vingine. Kwani balozi aliyekutia aibu jioni kwa deni la dukani ndiye aliyekwenda asubuhi kumwomba mwenye duka akuongezee wiki moja. Alijua mkeo amejifungua na kazi ya bandarini imesimama. Ujumbe wa programu unamfikia fundi bomba uliyehifadhi namba yake miaka mitatu iliyopita. Anasoma kwamba wewe ni tapeli. Hajui unaishi wapi, wala hana la kukusaidia.